Triathloni ni mishono: bahari, baiskeli na miguu kwa mtu wa Tanga

Triathloni ni mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, na kilomita 180 za baiskeli kwenye ile ndefu hazikutoka maabara. Zilitoka kwenye mkasi. Mwaka 1977, kisiwani Oahu, Hawaii, palikuwa na mashindano matatu, kila moja na watu wake: kuogelea baharini Waikiki maili 2.4, kuzunguka kisiwa kwa baiskeli maili 115, na marathoni ya Honolulu. Siku moja, baada ya mbio za kupokezana, ukazuka ubishi wa nani mwenye pumzi zaidi, mkimbiaji au mwogeleaji, na jina la Eddy Merckx, mpanda baiskeli wa Ubelgiji, nalo likaingizwa humo humo. John Collins, ofisa wa Jeshi la Majini la Marekani, akasema dawa ya ubishi ni kuyafanya yote matatu kwa siku moja. Shida ikawa kwamba njia hazikukutana. Collins akakata maili 3 za baiskeli ili safari ianzie pale kuogelea kunapoishia na iishie Aloha Tower, palipoanzia marathoni. Zikabaki maili 112, ambazo ndizo kilomita 180 zetu, na mpaka leo mtu anayejiandaa kwa Ironman, ndilo jina la mashindano hayo ya Collins, popote duniani anavuja jasho kwa umbali uliopatikana ili vipande vitatu vikutane.

Nimeanza na mkasi wa Collins kwa makusudi. Wengi wanaouliza habari za mchezo huu huuliza kama wanaweza kuogelea, kama wanaweza kuendesha, kama wanaweza kukimbia. Tanga hayo matatu yapo tele. Mji ni tambarare, na baiskeli hupandwa na wazee, wanafunzi na akina mama bila mtu kugeuza shingo. Ghuba imetulia, Kisiwa cha Toten kikiwa mbele yake, na Raskazone ina ufuo na klabu ya kuogelea. Wakimbiaji wa alfajiri hawahitaji kutafutwa. Kinachokosekana ni ushonaji. Triathloni ni mishono miwili, mmoja kati ya maji na baiskeli, mwingine kati ya baiskeli na miguu, na nguo yoyote hupasukia kwenye mshono.

Historia ya mchezo wenyewe inasema hivyo hivyo. Wafaransa walikuwa na mashindano ya kuunganisha michezo mitatu tangu miaka ya 1920, lakini triathloni tunayoifahamu ilianza Mission Bay, San Diego, tarehe 25 Septemba 1974. Waandaaji walikuwa Jack Johnstone na Don Shanahan wa klabu ya riadha ya mji huo. Watu 46 walijitokeza jioni ya siku ya kazi, na mpangilio ulikuwa kinyume na wa leo: walikimbia kwanza, wakapanda baiskeli, wakamalizia na maji. Giza likawakuta wa mwisho, ikabidi magari yaelekezwe baharini na kuwasha taa ili watu waone pa kutokea. Collins na mkewe Judy walikuwa miongoni mwa washiriki wa jioni ile. Alipokuja kupanga yake Hawaii, maji yalitangulia. Mtu aliyechoka akiwa juu ya baiskeli ataanguka, na akiwa anakimbia atakaa chini, lakini aliyechoka ndani ya maji hana pa kukaa.

Tarehe 18 Februari 1978 walianza watu 15 na wakamaliza 12. Gordon Haller alishinda kwa saa 11, dakika 46 na sekunde 58. John Dunbar, aliyekuwa akimfukuzia, aliishiwa maji kwenye gari la wasaidizi wake, wakampa bia, akamaliza wa pili. (Wapo wanaoisimulia hadithi hiyo kama sifa. Mimi naiona kama hesabu mbovu ya madumu.) Mwaka uliofuata Lyn Lemaire akawa mwanamke wa kwanza kumaliza, kwa saa 12 na dakika 55. Mwaka 1981 mashindano yalihamia Kona, kwenye kisiwa kikubwa cha Hawaii, na Februari 1982 televisheni ikamwonyesha Julie Moss, aliyekuwa akiongoza wanawake, miguu ikimwisha mita chache kabla ya mstari. Alitambaa mpaka mwisho, huku Kathleen McCartney ameshampita na kushinda kwa sekunde 29. Picha hiyo iliutangaza mchezo kuliko bango lolote.

Umbali wa Hawaii hauingii kwenye ratiba ya Olimpiki wala kwenye wikiendi ya mtu mwenye kazi. Miaka ya 1980 Wamarekani walikuwa na mfululizo wa mashindano mafupi zaidi, na humo ndimo ulimotulia umbali wa kilomita 1.5 za kuogelea, 40 za baiskeli na 10 za kukimbia. Shirikisho la kimataifa lilipoundwa Avignon, Ufaransa, Aprili 1989, likauchukua huo, na Agosti ya mwaka ule ule likafanya ubingwa wa dunia wa kwanza hapo hapo Avignon. Mark Allen na Erin Baker wakashinda. Olimpiki ilikuja Sydney mwaka 2000, ambako Brigitte McMahon wa Uswisi na Simon Whitfield wa Kanada walichukua dhahabu za kwanza. Afrika ilipata shaba Rio 2016 kupitia Henri Schoeman wa Afrika Kusini. Leo kuna umbali wa wanaoanza, mita 750, kilomita 20 na kilomita 5, na upo wa kati, kilomita 1.9, 90 na 21.1. Kwa Tanga naupigia kura ule mfupi, na sababu yake itaonekana tukifika baharini.

Tuingie majini basi, maana hapa ndipo kwenye mengi. Kumbukumbu za Marekani za 1985 hadi 2016 zinaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya vifo na kusimama kwa moyo kwenye triathloni vilitokea wakati wa kuogelea. Kwa hiyo kazi ya mwandaaji huanzia kwenye kalenda ya mwezi, na vikombe na fulana vitafuata baadaye. Maji ya Tanga nayo ni waja leo waondoka leo: hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kila siku yakichelewa kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Pale ulipopima kina cha kifuani saa 12 asubuhi, ukirudi saa 5 unaweza kukuta majani ya bahari na kaa wanatembea.

Bamvua la mwezi mpevu na la mwezi mwandamo hujaa hapa kwetu kama saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Ukiongeza dakika 50 kila siku, siku 2 au 3 baadaye kilele cha maji kinaangukia kati ya saa 12 kasoro dakika 20 na saa 12 na nusu asubuhi, wakati ambao jua halijawa kali na barabara haijajaa. Mvuvi wa zamani atakwambia hivyo kwa kuhesabu mwezi 17 au 18, au mwezi 3 na 4. Bado nunua jedwali la maji la mwaka husika, kwa sababu dakika 20 za makosa zina gharama. Ukikosa siku hizo, chukua maji mafu, ambayo mikondo yake ni dhaifu, ila hakikisha kina kinatosha.

Kanuni ya mabaharia ni kwamba maji hayaondoki kwa kasi moja. Gawa tofauti ya kujaa na kupwa kwa 12. Saa ya kwanza inaondoka sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tofauti ikiwa mita 3, saa ya kwanza baada ya kilele maji yanashuka sentimita 25 tu, na saa ya tatu yanashuka sentimita 75. Maana yake una dirisha la saa moja, pengine moja na nusu, la kuwaingiza watu wote na kuwatoa wote. Muogeleaji wa kawaida wa mita 1,500 hutumia dakika 40, na wa polepole saa nzima. Wa mita 750 anatoka ndani ya nusu saa. Hiyo ndiyo sababu ya kura yangu.

Watu husema mkondo si neno, kwa kuwa ukikupinga wakati wa kwenda utakusukuma wakati wa kurudi. Hesabu inakataa. Muogeleaji wa dakika 40 anakwenda kama mita 0.62 kwa sekunde. Mkondo wa mita 0.3 kwa sekunde, ambao ni wa polepole kuliko hata mtu anayetembea kwa uvivu, ukimsukuma kwa mita 750 atazimaliza kwa dakika 13 na nusu. Ukimpinga kwa mita 750 za kurudi, atazimaliza kwa dakika 38 na ushee. Jumla 52 badala ya 40. Muda anaoupinga mkondo ni mrefu kuliko muda unaombeba, ndiyo maana havilingani. Kwenye Olimpiki ya Paris 2024, ambako mbio za wanaume ziliahirishwa kwa siku moja kwa sababu ya uchafu wa mto Seine, waogeleaji bora wa dunia walionekana wakijibana ukutani kila walipopanda kinyume cha mto, maana karibu na kingo mkondo hupungua. Tanga fanya vivyo hivyo: kama mkondo upo, pangilia mguu wa kuupinga karibu na ufuo na mguu wa kusukumwa mbali zaidi, na upingaji uwe mwanzoni wakati watu wana nguvu.

Boya tatu za rangi ya chungwa zinatosha kwa umbo la pembetatu. Kosa linalorudiwa ni kuzitega maji yakiwa yamepwa, kamba ikikazwa vizuri kama ya mbuzi. Maji yakijaa mita 3, boya linazama au linaburuta nanga. Tega maji yakiwa juu, au pima kamba kwa kina cha maji kujaa na uongeze kidogo. Kosa la pili ni kuelekeza mguu mrefu mashariki. Saa 12 na nusu jua liko usawa wa macho, na mtu ambaye kichwa chake kiko sentimita 10 juu ya maji haoni boya, anaona moto. Mguu wa mashariki uwe mfupi, na uwe na kitu kirefu nyuma yake cha kulenga, jengo au mnazi uliosimama peke yake.

Ngalawa ni chombo kizuri cha ulinzi kwa sababu mbawa zake huifanya isipinduke muogeleaji anapoishika. Ila mbawa hizo hizo zinaweza kumgonga mtu kichwani, kwa hiyo nahodha akae nje ya msafara na asubiri kuitwa kwa mkono ulioinuliwa. Kanuni za mchezo zinaruhusu muogeleaji kushika boya au chombo kilichosimama na kupumua, mradi hakivutwi mbele. Mweleze kila mshiriki jambo hilo kabla, maana wapo wanaozama kwa kuogopa kuondolewa mashindanoni. Injini iwe moja tu, ya kumkimbiza mgonjwa ufuoni, tena ikae mbali na vichwa vya watu.

Suti ya mpira, ambayo Wazungu huivaa kwa baridi na kupata wepesi wa kuelea, hapa isahau. Kanuni za kimataifa huwakataza wachezaji wa kawaida kuivaa kwenye masafa mafupi maji yanapopita nyuzi 22, na bahari yetu haishuki huko. Vaa kofia ya rangi kali, paka mafuta ya mgando shingoni na kwapani ili chumvi isichune ngozi, na inua macho kila baada ya mapigo 6 au 8, macho tu kama mamba. Ukiinua kichwa kizima, miguu inazama na unavuta tanga lililolowa. Kwenye mchanga wa chini, pale pa kuingilia na kutokea, buruta nyayo badala ya kuzinyanyua, ili samaki taa aliyejifukia akusikie na aondoke. Konyeza, wale viumbe laini wa baharini wanaowasha, wakionekana wengi asubuhi hiyo, fupisha au futa.

Kuna kazi moja ya majini ambayo mtu hapewi pamoja na nyingine: kuhesabu vichwa. Wawili wahesabu wanaoingia na wawili wahesabu wanaotoka, kila mmoja na karatasi yake, wasiongee wala wasipige picha. Baiskeli haiondoki kwa mtu wa mwisho mpaka namba zilingane. Aliyeghairi akiwa ufuoni na kwenda kunywa chai bila kuaga huwafanya watu wazamie kumtafuta, kwa hiyo aandikwe kabla ya kuondoka.

Mshono wa kwanza. Ukiwa majini umelala, damu imejaa mikononi na mabegani. Ukisimama ghafla kichwa kinakuwa chepesi, na watu huyumba kama walevi pale pale ukingoni. Mita 100 za mwisho piga miguu kwa nguvu kuliko ulivyokuwa ukipiga, na usisimame mpaka vidole vya mkono viguse mchanga. Vua miwani na kofia huku ukikimbia. Pale penye baiskeli, helmeti (elementi, kwa lugha ya bodaboda) ndiyo ya kwanza, na ifungwe kidevuni kabla mkono haujagusa baiskeli. Ukirudi, baiskeli iwekwe kwanza ndipo ufungue kidevu. Sukuma mpaka uvuke mstari wa kupandia, ndipo upande.

Hizo si kanuni za mapambo. London 2012, Jonathan Brownlee alipanda baiskeli kabla ya mstari, akapewa adhabu ya sekunde 15 aliyoitumikia wakati wa kukimbia. Alipata shaba, kaka yake Alistair akachukua dhahabu. Siku chache kabla, mbio za wanawake zilikuwa zimeamuliwa kwa picha kati ya Nicola Spirig na Lisa Nordén, muda wao ukiwa sawa hadi sekunde. Huku kwetu mtu akifunga kidevu mapema huku mwenzake akihangaika na kamba za viatu, tofauti ni dakika mbili bila mtu yeyote kuwa na pumzi zaidi.

Kamba za viatu dawa yake iko kwa fundi cherehani: mpira wa kiunoni, ule mwembamba wa mviringo. Kata sentimita 60 kwa kila kiatu, pitisha kwenye matundu, funga fundo moja, na kiatu kinaingia kama ndala. Mpira mpana nao ukifungwa kiunoni kwa pini mbili unabeba namba yako, nyuma ukiwa kwenye baiskeli na mbele ukikimbia. Mchanga ndio adui: chembe chache ndani ya kiatu zinatosha kuleta lengelenge kabla ya kilomita 3. Mwandaaji aweke mabeseni ya maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, kwenye njia ya kutoka ufuoni, mchezaji aweke taulo dogo chini ya baiskeli na unga kidogo wa talki ndani ya viatu. Baiskeli za Phoenix zina stendi yake, kwa hiyo hazihitaji vyuma vya kuning'inizia. Chora mistari ya chokaa, acha nafasi ya mtu kupita na usukani wake, namba ziandikwe chini. Njia ya kuingilia na ya kutokea zisiwe moja.

Sasa baiskeli yenyewe. Wengi wanaamini bila baiskeli nyepesi ya mbio haiwezekani, na hapo ndipo mchezo unapoonekana wa wenye fedha. Kanuni inadai breki mbili zinazoshika, moja kila gurudumu, na ncha za usukani zilizozibwa ili zisimchome mtu akianguka. Phoenix yenye uzito wa kilo 20 na kitu inakidhi hayo yote. Mji tambarare husamehe uzito, maana uzito unaumiza kwenye mlima na wakati wa kuondoka. Kinachokula nguvu kwenye njia iliyonyooka ni upepo, na kinachokula muda ni meno.

Chukua baiskeli yenye meno 44 mbele na 18 nyuma. Gurudumu la inchi 28 lina mzingo wa karibu mita 2.2, kwa hiyo kila mzunguko wa pedali unakupeleka mita 5.4. Ukikanyaga mizunguko 70 kwa dakika unakwenda kilomita 22 na nusu kwa saa, na kilomita 40 zinaisha kwa saa 1 na dakika 46. Mwambie fundi abadilishe ya nyuma iwe meno 16. Mzunguko mmoja unakuwa mita 6, mwendo unakuwa kilomita 25 kwa saa, na dakika 10 zinaokolewa kwa gharama ya kipande kimoja cha chuma. Usishuke mpaka 14, kwa sababu upepo wa kusi ukikukabili utalazimika kusimama juu ya pedali, na magoti yatadai deni lake wakati wa kukimbia. Cheni ikatwe upya baada ya kubadilisha, au gurudumu lisogezwe nyuma mpaka cheni icheze kama sentimita moja na nusu katikati. Ikilegea zaidi inaruka. Ikikaza sana inakula gololi.

Kiti ndicho kipimo cha pili. Waendeshaji wetu wa kila siku hukaa chini ili miguu iguse ardhi wanaposimama na mzigo, jambo la busara sokoni. Kwa kilomita 20 na zaidi, pandisha. Weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, na goti linyooke bila nyonga kuinama upande. Ukikanyaga kwa mbele ya wayo, goti litabaki limekunjwa kidogo, ndivyo inavyotakiwa. Toa keria, toa kikapu, na vua kizibao kinachopepea. Mwenye vazi refu alibane kwa mpira juu ya kifundo cha mguu upande wa cheni. Tanga wanaume huenda msikitini na kanzu juu ya baiskeli, wanajua cheni inavyotafuna pindo.

Upepo ukiwa mbele, kujificha nyuma ya mwenzako kunapunguza kazi sana. Wachezaji wa kulipwa wa masafa ya Olimpiki wameruhusiwa kufanya hivyo tangu katikati ya miaka ya 1990, na ndiyo maana huonekana wamefungana kama msafara. Kwa wengine mara nyingi ni marufuku: kwenye masafa mafupi, mita 10 kati ya gurudumu lako la mbele na la mwenzako, na ukitaka kumpita una sekunde 20. Kwa baiskeli zenye breki za vyuma mita 10 hizo nazichukulia kama kanuni ya usalama kabla ya haki, hasa asubuhi rimu zikiwa zimelowa maji ya bahari yanayomdondoka mpandaji. Jaribu breki ndani ya mita 50 za kwanza, polepole, mpaka zikauke.

Kuhusu njia, barabara ya kwenda Pongwe na Segera ina malori ya saruji, na ya Horohoro inabeba magari ya mpakani. Kitanzi kifupi ndani ya Raskazone, kilomita 4 au 5 kinachorudiwa, kinafungika kwa askari wachache, na meza moja ya maji inatosha. Ubaya wake ni kwamba watu husahau hesabu ya mizunguko. Kila mzunguko mpe mchezaji mpira wa kufungia noti, auvae mkononi. Kwa kilomita 20 kwenye kitanzi cha kilomita 5, mwenye minne amemaliza. Beba tyubu moja, pampu, na spana inayoingia kwenye nati za gurudumu lako la nyuma, umeijaribu nyumbani. Nati zilizoshikwa na kutu hazifunguki kwa mbio.

Mshono wa pili unauma zaidi na unajulikana kidogo. Baada ya saa nzima ya kukanyaga, misuli ya mbele ya nyonga imejikunja na miguu imezoea kuzunguka. Ukianza kukimbia unahisi unakimbia kwa miguu ya mtu mwingine. Kilomita 1 ya mwisho ya baiskeli simama juu ya pedali mara mbili tatu, nyoosha mgongo, sukuma nyonga mbele. Halafu dakika 5 za kwanza za kukimbia, hatua fupi za haraka, hata kama zinaonekana za kichekesho. Anayefukuza mwendo wake wa kawaida mara moja ndiye anayetembea kilomita ya nne. Mazoezi yake hayana siri: mara moja kwa wiki, endesha dakika 40 kisha kimbia dakika 10 papo hapo, bila kukaa. Baada ya wiki 6 mwili unaacha kushangaa.

Chakula nitakipitia haraka. Kwa joto la pwani nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa inawatosha wengi, kwa mafunda madogo. Kunywa maji matupu kupita kiasi nako ni hatari, kwa kuwa huipunguza chumvi kwenye damu mpaka mtu akachanganyikiwa. Madafu ni matamu na yana potasiamu nyingi, lakini sodiamu yake ni ndogo, na jasho linatoa sodiamu. Tia chumvi kidogo kwenye dafu, au koroga pakiti ya ORS kwenye lita moja kamili. Watu huikoroga kwenye chupa ya nusu lita ili iwe kali, na tumbo huwakatika njiani. Mbio ikipita saa moja na nusu, ndizi moja au tende chache kwa kila saa, zitafunwe kwenye baiskeli. Ukisubiri kukimbia, tumbo linarushwarushwa na halipokei kitu.

Mashindano yakiisha, boya zitolewe kabla maji hayajapwa sana, la sivyo kamba zitajisokota kwenye mawe. Baiskeli nayo isisubiri chai. Mwili uliotoka baharini umeidondoshea chumvi saa nzima, juu ya cheni, juu ya nati za kiti, na hasa kwenye shingo ya usukani. Mwagia maji baridi ya bomba bila kuyasukuma kwa presha, futa kwa tambara kavu, ianike kivulini, kisha tia mafuta kiungo kimoja kimoja cha cheni na ufute yaliyozidi. Siku ya tatu inua gurudumu la mbele na ugeuze usukani taratibu huku na huku. Ukisikia mkwaruzo, gololi za chini zimeshaliwa na chumvi. Zibadilishwe zote pamoja na grisi mpya.